Kurudia Thor ya Walter Simonson: juzuu moja nene, vitabu vitano vya jalada laini, au tableti?

Msomi_wa_Ntinda

Wadau, habari za jioni. Nataka kuirudia Thor ya Walter Simonson, ile hadithi ya katuni ya Marvel kuhusu mungu wa ngurumo, kuanzia toleo la 337 la Novemba 1983 mpaka la 382 la Agosti 1987. Zamani niliisoma kwa kuazimana shuleni, toleo hili leo, jingine baada ya muhula, na mengine sikuyapata kabisa. Sasa nataka niisome kama kazi moja ya mtu mmoja.

Naona njia tatu. Kuna ile juzuu ya jalada gumu iliyotoka 2011, kurasa zaidi ya 1,100 ndani ya kitabu kimoja. Kuna seti za vitabu vitano vya jalada laini. Na kuna kulipia kila mwezi na kusoma kwenye tableti. Bei siyo hoja yangu kubwa. Naweza kuweka akiba polepole. Ninachotaka kujua ni njia gani inaitendea haki hadithi yenyewe.

Mzee_wa_Tororo

Chukua juzuu nene, mwanangu. Sababu yangu ni upanga.

Mwanzoni kabisa mwa toleo la 337 kuna kiumbe asiyeonekana uso, anafua chuma mbali huko angani, na pigo lake linaandikwa DOOM! kwa herufi zinazokaribia kujaza ukurasa. Halafu hadithi inamgeukia Beta Ray Bill, yule mgeni mwenye uso wa farasi anayeiinua nyundo ya Thor, nawe unamsahau mfuaji. Toleo linalofuata anarudi kidogo tu, DOOM! tena. Simonson alifanya hivyo kwa karibu mwaka mzima kabla mfuaji huyo, Surtur, jitu la moto, hajajitokeza na upanga aliokuwa akiufua kuja kuichoma Asgard, makao ya miungu. Waliosoma kwa kurukaruka kama wewe waliona ukurasa wa kelele usio na maelezo. Kitabu chote kikiwa mbele yako, unafunua nyuma, unalinganisha, unaona kazi ya yule mfuaji inavyosonga huku watu wa duniani wakiendelea na mambo yao. Subira hiyo ya mwandishi ndiyo utamu wenyewe.

Ndani yake pia kuna hadithi fupi ya Balder, mmoja wa miungu wa Asgard, katika matoleo manne, nayo inaeleza mambo ambayo mfululizo mkuu unayagusa tu. Ukiona toleo la 356 na la 370 hayamo, usidhani kurasa zimechomolewa. Hayo yaliandikwa na watu wengine, kwa hiyo waliyaacha.

Dada_Entebbe

Shikamoo Mzee. Nakubali kuhusu upanga, lakini tuseme na ukweli wa nyumba zetu. Hicho kitabu kina kilo tatu hivi. Anayekuletea kwenye sanduku lake atakuwa ameacha nguo zake kadhaa kwa ajili yako, na huwezi kukisoma umelala chali wala kwenye teksi ya kwenda kazini.

Jambo la pili ni unyevu. Sisi tunaokaa karibu na ziwa tunajua Aprili na Novemba zinavyofanya karatasi: jalada linajikunja, ukungu unaanzia kwenye mgongo. Kitabu chembamba nakiweka kwenye mfuko uliofungwa na maisha yanaendelea. Kile kinene hakiingii popote. Kwa hiyo mimi ni wa jalada laini, kitabu kimoja baada ya kingine. Na kwa bahati nzuri hadithi yenyewe ina vituo: vita vya Surtur vinaisha toleo la 353, unapumzika, kisha unaendelea.

Fundi_wa_Nasser

Nafanya kazi ya kujalidi vitabu Nasser Road, kwa hiyo naongea kutoka mezani.

Jalada laini limeshikwa kwa gundi tu. Karatasi zinakatwa upande mmoja, zinapakwa gundi, zinabandikwa. Joto likizidi na ukikifungua sana, mgongo unapasuka na kurasa zinaanza kutoka mojamoja. Ile juzuu nene imeshonwa kwa uzi, mafungu ya karatasi zilizokunjwa yameunganishwa, ndiyo maana inalala wazi juu ya meza bila kulazimishwa. Kwa Simonson hilo ni jambo kubwa, maana anapenda picha inayovuka kurasa mbili. Kwenye kitabu cha gundi, katikati ya picha panamezwa na mgongo.

Kuhusu unyevu, dada yuko sahihi kabisa. Kisimamishe wima, usikilaze chini ya vingine, kisigusane na ukuta wa nje, na kipate hewa. Kabati la bati lililofungwa kabisa ni baya kuliko rafu iliyo wazi. Na msimu wa mvua kitoe kila wiki ukipekue.

Rangi_Kwanza

Hamjataja jambo linalonikera kuliko yote. Juzuu ya 2011 ilitiwa rangi upya na Steve Oliff. Ni bingwa, hakuna ubishi. Ndiye aliyeitia rangi Akira, ile katuni ya Kijapani, kwa ajili ya wasomaji wa Marekani. Lakini rangi za awali, nyingi zikiwa za George Roussos na Christie Scheele, zilipangwa kwa ajili ya karatasi nyepesi ya gazeti inayofyonza wino. Zilikuwa bapa: nyekundu ni nyekundu, na mstari wa Simonson ndio uliobeba nguvu zote. Rangi mpya zina vivuli na mng'ao, misuli inajaa, moto wa Surtur unang'aa kweli. Kuna kurasa zimependeza. Kuna nyingine mstari wake mkali wenye pembe umefunikwa.

Seti ya zamani ya jalada laini, iliyoanza kutoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, ina rangi za mwanzo. Kama unataka kuirudia kazi uliyoisoma shuleni, tafuta hiyo. Angalia vizuri wakati wa kununua, kwa sababu kuna seti nyingine ya vitabu vitano iliyokuja baadaye yenye rangi mpya, na muuzaji anaweza asijue tofauti.

Mzee_wa_Tororo

Rangi_Kwanza, hapo tunatofautiana. Karatasi nyeupe inayong'aa ukiichapia zile rangi za zamani inapiga kelele machoni, kwa sababu hakuna kinachozifyonza. Oliff alilijibu tatizo la kweli. Ila nakubali, mwenye macho ya zamani atahisi amehamishiwa mtaa mwingine.

Mwalimu_Mityana

Naomba nirudi kwenye hadithi, maana nadhani ndiyo itakayoamua.

Huku kwetu kila mtoto anajua mashimo ya Ttanda, pale Kayikuuzi alipomfukuza Walumbe, yaani Kifo, mpaka chini ya ardhi. Kwa hiyo nilipofika matoleo ya 361 na 362, Thor anashuka kwa Hela, malkia wa wafu, kuzirudisha roho za watu wa duniani zilizochukuliwa kwa hila, sikuhitaji kufafanuliwa. Najua maana ya kumfuata Kifo nyumbani kwake. Tofauti ni kwamba kwetu Walumbe alibaki huko chini na anaendelea kutupokonya, na kina Thor wanarudi na watu wao, lakini kwa malipo.

Malipo hayo ni Skurge. Kwa miaka mingi alikuwa jambazi wa kawaida, mtu wa kutumwa na mwanamke asiyempenda. Kwenye daraja la Gjallerbru mtu mmoja lazima abaki awazuie wafu ili wengine wapite, na Thor ameshaamua kubaki yeye. Skurge anampiga Thor kutoka nyuma, anaomba abebwe aondolewe, anachukua bunduki za duniani na kusimama peke yake. Nimewasomea wanafunzi wangu wakubwa sehemu hiyo, na darasa zima lilinyamaza.

Sasa swali lako. Ukimkuta Skurge katika toleo la 362 pekee, utaona kifo kizuri. Ukiwa umetembea naye tangu nyuma, ukaona anavyodharauliwa na kuchekwa, utaelewa kwa nini mtu huyo hasa ndiye anayebaki. Hilo linahitaji usomaji mfululizo. Kitabu kimoja au vitano, sijali sana, ila usiache miezi kati ya kimoja na kingine.

Kijana_wa_Arua

Jamani tableti imesahaulika kabisa. Mimi nipo mbali na maduka ya Kampala, na kuagiza kitabu mpaka huku ni safari. Nikiwa na bando napakua matoleo kadhaa, umeme ukikatika naendelea mpaka chaji iishe. Ukiikuza picha unaona kalamu ilivyopita. Herufi za John Workman nilianza kuziheshimu kwenye skrini, jinsi anavyoisuka milio ndani ya mchoro wenyewe.

Nikiri udhaifu wake pia. Toleo la 380, Thor na Nyoka wa Midgard, kila ukurasa ni picha moja tu kubwa. Simonson aliupanga mchoro na Sal Buscema akaumalizia. Kwenye tableti yangu ndogo yule nyoka ana ukubwa wa kiganja. Unaielewa hadithi, lakini uzito wake haukufikii. Hapo juzuu nene inashinda, maana kurasa zake ni kubwa kuliko hata za matoleo ya awali.

Msomi_wa_Ntinda

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Nimeamua juzuu nene. Hoja ya Mzee kuhusu upanga na ya Mwalimu kuhusu Skurge ni moja kwangu: nataka niweze kufunua nyuma. Nitaisomea mezani, matoleo mawili au matatu kwa jioni, nisimame pale 353 kama dada alivyosema. Rangi_Kwanza, rangi za zamani nitazitafuta kwa kitabu kimoja tu, kile chenye Skurge, niziweke pande mbili na kulinganisha. Nikimaliza nitaleta picha hapa.

Fundi, kuna namna ya kukifungua kikiwa kipya?

Fundi_wa_Nasser

Ipo. Kisimamishe juu ya meza kwa mgongo wake. Laza jalada la mbele, kisha la nyuma. Halafu chukua kurasa chache za mbele, zilaze na uzipapase taratibu kandokando ya mgongo, kisha chache za nyuma, hivyohivyo kwa zamu mpaka ufike katikati. Usikifungue katikati kwa nguvu siku ya kwanza, hata kama kimeshonwa kwa uzi mzuri namna gani. Na mikono iwe mikavu, ssebo, wino mweusi mwingi kwenye karatasi ya namna hiyo unashika alama za vidole.