Achilles kukataa zawadi za Agamemnon: heshima au kiburi?

Ngao ya Ngozi
Wakuu, naweka hoja mezani. Katika Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Wagiriki na Troy, kitabu cha 1, Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki, anamnyang'anya Achilles, shujaa wake mkubwa, mateka wake Briseis, na jeshi zima linajua. Hapo sina ubishi, kaonewa. Lakini kitabu cha 9 ujumbe unamfuata kibandani: Odysseus, Ajax na mzee Phoenix. Anaahidiwa vyungu 7 vya miguu mitatu, talanta (kipimo cha uzito) 10 za dhahabu, sufuria 20 za kung'aa, farasi 12 washindi wa mbio, wanawake 7 wa kisiwa cha Lesbos, na Briseis mwenyewe pamoja na kiapo kwamba hakuguswa. Troy ikianguka anaongezewa wanawake 20, meli iliyojaa dhahabu na shaba, binti wa Agamemnon bila kutoa mahari, na miji 7. Anakataa! Tangu hapo kila Mgiriki anayeanguka damu yake iko mikononi mwa Achilles, rafiki yake Patroclus akiwemo. Hicho ni kiburi. Na yote kwa ajili ya mateka mmoja, wakati kitabu cha 23, kwenye michezo ya msiba wa Patroclus, mwanamke hodari wa kazi aliyewekwa zawadi ya pili ya mieleka anathaminiwa ng'ombe 4.

Mlinzi wa Zamu
Umehesabu mali, masharti umeyaruka. Agamemnon alipomaliza orodha alitia neno la mwisho: Achilles akubali kuwa chini yake, kwa kuwa yeye ni mfalme mkubwa zaidi na amemzidi umri. Odysseus alirudia orodha karibu neno kwa neno, hilo la mwisho akalimeza, mahali pake akaweka ombi la kuwahurumia wenzake. Achilles alishalinusa. Anafungua jibu lake kwa kusema anamchukia kama milango ya kuzimu mtu anayeficha hili moyoni na kutamka lile.

Kisha zipime zawadi zenyewe. Ukipewa mke bure na miji ya kutawala, aliyekupa ndiye bwana wako. Na fedheha ilitendeka mchana mbele ya mkutano wa jeshi, ila kukiri kosa kunafanyika usiku, mbele ya wazee wachache, kibandani kwa mkosaji. Mwenyewe hakwenda hata kumtazama aliyemkosea. Hapo ndipo pa kujibu.

Sauti ya Lyrnessus
Mimi siwezi kupita hapo kwenye ng'ombe 4. Ndugu Ngao, umechukua zawadi ya pili ya mieleka ukamvika Briseis bei yake. Kwa haki gani? Bei kwenye tungo hizi hazilingani hata kidogo. Chungu, zawadi ya kwanza ya mieleka hiyohiyo, kilithaminiwa ng'ombe 12. Eurycleia, mtumishi wa nyumba ya Odysseus, alinunuliwa na Laertes, baba yake Odysseus, kwa ng'ombe 20. Lycaon, mtoto wa Priam mfalme wa Troy, Achilles alimuuza kisiwani Lemnos kwa thamani ya ng'ombe 100. Briseis hakuuzwa popote. Alikuwa tunu, fungu alilopewa Achilles na jeshi baada ya mji kutekwa, na tunu haina bei ya sokoni.

Tena ana kinywa chake. Kitabu cha 19 anaulilia mwili wa Patroclus, anasema alimwona mumewe akikatwakatwa mbele ya mji, na ndugu zake watatu wa tumbo moja wakafa siku ileile. Patroclus ndiye aliyemkataza kulia, akamwahidi kumfanya mke halali wa Achilles huko kwao Phthia. Huyo ndiye "mateka mmoja" wako.

Ngao ya Ngozi
Dada, usinilishe maneno. Bei sikuitunga mimi, wanaothamini ni Wagiriki wenyewe, mstari uko wazi. Kama unataka tusikilize kinywa cha Briseis, basi tusikilize na cha Achilles. Kitabu hichohicho cha 19 anasema heri mungu wa kike Artemis angemuua yule msichana kwa mshale kwenye meli, siku ile alipouteka Lyrnessus, mji wa Briseis. Hayo ni mapenzi? Unaniona mimi sina utu, wakati shujaa wako ndiye aliyemtakia kifo.

Sauti ya Lyrnessus
Shujaa wangu ni nani? Sijamtetea Achilles popote, soma tena. Na kitabu cha 9 alisema anampenda kwa moyo wote ingawa alimpata kwa mkuki. Maneno yote mawili ni yake. Lile la mshale anatamka Patroclus akiwa maiti, mbele ya jeshi analotaka liingie vitani upesi.

Mpiga Makasia
Eurycleia yuko kwenye Odyssey, utenzi mwingine wa Homer, ananunuliwa nyumbani wakati wa amani. Msichanganye tungo mbili kwenye hesabu moja.

Ila mmeigusa mieleka, na pale pana jambo lililonisumbua siku nyingi. Wanaopigana ni Ajax mkubwa na Odysseus. Mara ya kwanza Odysseus anampiga Ajax nyuma ya goti, Ajax anaanguka chali, Odysseus juu ya kifua. Mara ya pili Odysseus anajaribu kumnyanyua, hawezi, anamtia goti, wanaanguka wote ubavu kwa ubavu. Kabla ya mara ya tatu Achilles anawasimamisha: wote mmeshinda, chukueni zawadi sawa. Sawa vipi? Chungu cha ng'ombe 12 na mwanamke wa ng'ombe 4! Jumla 16, kila mtu 8. Kwa hiyo mwenye chungu anamlipa mwenzake thamani ya ng'ombe 4, vinginevyo mmoja kadhulumiwa.

Mlinzi wa Zamu
Tulianza na kitabu cha 9, tumeishia kwenye mieleka. Haya, mkitaka michezo twende kwenye mbio za magari ya farasi za kitabu hichohicho cha 23, maana jibu liko pale. Eumelus, dereva bora, nira ya gari lake inavunjika, anafika wa mwisho. Achilles anamwonea huruma, anataka kumpa zawadi ya pili, farasi jike wa miaka 6 mwenye mimba ya nyumbu. Antilochus aliyefika wa pili anagoma: huyu simtoi, anayemtaka aje tupigane, ukimhurumia Eumelus mpe mali yako. Ni malalamiko yaleyale ya Achilles ya kitabu cha 1, kwamba kilichokwisha kugawiwa hakirudishwi. Na Achilles anafanyaje? Anatabasamu, anaagiza deraya aliyomvua adui yake Asteropaeus iletwe kutoka kibandani kwake, anampa Eumelus. Hakuna aliyenyang'anywa. Agamemnon angeweza kufanya hivyo akamaliza kesi siku ileile.

Ngao ya Ngozi
Umesimama nusu njia. Menelaus, ndugu yake Agamemnon, naye anainuka papo hapo kudai Antilochus kamziba njia kwa hila. Anamtaka asimame mbele ya farasi, ashike mjeledi, awaguse farasi, aape kwa mungu Poseidon kwamba hakukusudia. Antilochus haapi. Anamtoa farasi mwenyewe, anasema bado ni kijana. Menelaus anaridhika, anamrudishia. Mdogo ameinama na heshima imebaki kwake! Achilles alishindwa hilo tu. Tena msisahau alichomtukana mkubwa wake mbele ya watu: mlevi, macho ya mbwa, moyo wa paa. Mtu mwenye meli 100, anatukanwa na mwenye 50.

Sauti ya Lyrnessus
Anatukana baada ya kutishiwa kuporwa, si kabla. Pangilia matukio.

Mpiga Makasia
Hakuna aliyenijibu kuhusu zile ng'ombe 4 za fidia.

Ngao ya Ngozi
Kwa sababu fidia yenyewe haimo kwenye utungo. Wanajifuta vumbi, wanavaa kanzu zao, inakuja mbio ya miguu. Wewe ndiye uliyeleta deni. Na ng'ombe 4 wa kulipana wangetoka wapi kambini?

Mpiga Makasia
Ng'ombe walikuwapo. Mwisho wa kitabu cha 7 meli za divai zinaingia kutoka Lemnos, na Wagiriki wananunua kwa shaba, chuma, ngozi, ng'ombe wazima na mateka. Lakini si lazima mkononi wapokezane ng'ombe. Hiyo mbio ya miguu uliyoitaja, zawadi yake ya kwanza ni bakuli la fedha la vipimo 6, kazi ya mafundi wa mji wa Sidon. Ndilo lililotolewa na Euneus wa Lemnos kumlipia Lycaon, yuleyule wa ng'ombe 100. Bei ilitajwa kwa ng'ombe, kilichotolewa ni bakuli. Na anayelichukua ni Odysseus, baada ya Ajax mdogo, mtu mwingine mwenye jina hilo, kuteleza kwenye kinyesi cha ng'ombe. Kama Odysseus alikuwa na deni la chungu kwa Ajax mkubwa, hapo alishapata cha kulipia.