Tupeane uzoefu: darubini ya bunduki ya bei nafuu unaipimaje kabla ya kwenda nayo mawindoni?

Mleta mada, Minnesota
Wakuu, heshima kwenu. Huku msimu wa kulungu kwa bunduki ni Novemba, na wenzetu wengi wanaanza na darubini ya chini ya dola 150. Sizidharau hata kidogo. Ila kioo kung'aa dukani hakukuhakikishii kwamba msalaba wa kulengea ulio ndani yake utabaki mahali pake bunduki ikishapiga teke. Ukihama, mnyama anapigwa tumbo, anakimbia na kwenda kufia mbali kwa mateso. Hilo linaniuma sana.

Mimi napima kwa mraba. Yadi 100, bunduki juu ya mifuko ya mchanga, nalenga nukta ileile mwanzo mpaka mwisho. Risasi tatu, napandisha kliki 40, yaani hatua ndogo za kirungu cha kurekebishia darubini. Tatu tena, kulia 40. Kisha chini 40, kushoto 40. Kliki ya robo MOA (kipimo kidogo cha pembe) husogeza risasi kama robo inchi kwa umbali huo, kwa hiyo kila upande utoke inchi 10 na ushee, na matundu ya mwisho yaangukie juu ya yale ya kwanza. Ninayotumia sasa inatoa inchi 9 tu, lakini inarudi palepale. Kwangu imefaulu, maana porini sizungushi kitu. Iliyotangulia ndiyo ilikuwa hatari: unazungusha, risasi haisogei, unapiga ya pili ndipo inaruka ghafla. Niliirudisha dukani.

Mdau wa Texas
Mkuu, kabla ya kuihukumu darubini, kagua skrubu. Ya jamaa yangu ilikuwa inatawanya risasi karatasi nzima, kumbe kitako kinachoshikilia darubini kwenye bunduki kimelegea. Tulifuta mafuta, tukakaza kwa bisibisi yenye kipimo, kisha tukachora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kwenye skrubu hadi kwenye pete inayobana darubini. Mstari ukikatika, unajua imelegea.

Dada wa Ohio
Msisahau baridi. Ya kwangu ililala kwenye friza, asubuhi nikaiweka mezani jikoni. Ukungu wa nje ni kawaida, unaufuta kwa kitambaa. Wa ndani haufutiki. Hapo unyevu umeshaingia, muhuri wa kuzuia maji hauna kazi.

Mdau wa Uingereza
Wenye bunduki za upepo za springi, chukueni tahadhari zaidi. Teke lake linakwenda nyuma kisha mbele, na darubini nyingi zimejengwa kuhimili la nyuma tu. Hata ya bei kubwa inaweza kufa. Tafuta iliyoandikwa wazi kuwa inafaa bunduki za upepo.

Mgeni, Arizona
Shikamooni. Risasi huku ni ghali, mraba huo siumudu. Kuna njia nyingine?

Mleta mada
Marahaba. Ipo. Toa darubini, ibane kwenye jiliwa, usibane bomba likapondeka. Bandika karatasi yenye miraba ya inchi moja umbali wa yadi 100, uzungushe kliki huku ukiutazama msalaba unavyotembea. Gongagonga bomba kwa mpini wa bisibisi kila baada ya kliki kadhaa. Ukiurudisha ulipoanzia na usikae palepale, usiende nayo porini. Kupima kwa risasi bado ni lazima, ila utaanza na iliyokwisha kuchujwa.