Kunduchi Pwani: mliofika magofuni, tupeane uzoefu

Wakuu, miaka yote nakwenda Kunduchi, Dar es Salaam, kupanda boti ya kisiwa cha Mbudya tu. Jumamosi nikasema leo naanza na magofu. Nikashuka Mtongani, nikaita bodaboda. "Makaburini? Pole, nani kafariki?" Nikamwambia wamefariki zamani sana, twende.

Msikiti unasemekana ni wa karne ya 15, zimebaki kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Ila kilichonikamata ni makaburi ya nguzo, ya karne ya 18 na 19, chini ya mibuyu. Kwenye nguzo kuna vishimo vya duara. Humo zilipachikwa bakuli za kaure kutoka China, zimekuja na biashara ya baharini. Nikapima kimoja kwa ngumi, ikaenea kabisa. Mzee aliyekuwa ananitembeza akakohoa, nikatoa mkono haraka.

Nyie mliona nini?

*Mtoto wa Pwani:* Mkuu, sisi tumekulia hapo. Bibi alitukataza kupita magofuni magharibi ikiingia, na tulipita kwa kukimbia. Bakuli nyingi zimebanduliwa, ndiyo maana umekuta matundu. Kinachoniuma ni wanaochora majina yao kwenye kuta. Jina lako la nini pale?

*Mama Wawili:* Mimi naongelea Mbudya. Tulikwenda mwezi wa saba, upepo wa kusi umechachamaa, tukachelewa kurudi mpaka saa kumi. Mawimbi yakaingia botini, mwanangu wa pili akatapikia kapu la chakula. Nendeni asubuhi, na kila mtu avae boya kabla ya kuondoka, msisubiri mpaka bahari ichafuke. Bei mkubaliane ya kwenda na kurudi. Kiingilio cha kisiwani ni mbali na nauli. Ile ni hifadhi ya bahari tangu 1975, kwa hiyo makombe na matumbawe yaacheni huko huko.

*Mla Changu:* Mbona hamtaji soko la samaki? Mimi magofu nilitazama dakika kumi, sokoni saa mbili. Nilitajiwa bei ya mgeni, nikakaa kwenye ngalawa iliyopinduliwa nikapiga soga na wavuvi, ikashuka yenyewe.

*Mleta mada:* Hahaha, Mla Changu, Jumapili narudi na familia. Mama Wawili, yale maboya ya watoto mlikuta botini au mlikwenda nayo?

*Mama Wawili:* Tulikuta ya wakubwa tu. Beba yako.