Tikiti, nanasi au embe: mgonjwa wa figo nimkatie lipi?

Bintimkubwa: Wakuu, habari za humu. Baba anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na vipimo vya mwisho vimeonyesha potasiamu, yale madini ambayo figo zilizochoka hazitoi vizuri, imepanda. Joto hili chakula hakimpiti, anaomba matunda tu. Anayoyapenda ni hayo matatu. Mnaouguza, mnayaandaaje?

Mama Pacha: Pole kwa kuuguza, dada. Mimi ni nanasi. Gramu 100 zina potasiamu miligramu 110 hivi. Embe linakaribia 170. Namenya, natoa macho yote, nakata vipande vidogo, napima nusu kikombe. Ukikadiria kwa jicho utamzidishia bila kujua.

Jikoni Daima: Mbona tikiti mnaliruka? Nalo ni 110 kwa gramu 100, tena laini kwa mzee.

Muuguzi wa Zamu: Mkuu, hapo ndipo wengi wanapoteleza. Nani anakula gramu 100 za tikiti akaacha? Kipande kikubwa kinafika gramu 280, na potasiamu inapita 300. Isitoshe, zaidi ya asilimia 90 ya tikiti ni maji. Napokea wagonjwa waliovimba miguu, wanaapa hawajanywa kitu, kumbe wameshinda na tikiti. Bintimkubwa, usimnyime. Kata vipande vya mraba, pima nusu kikombe, kisha kihesabu kwenye kiasi cha maji alichoruhusiwa kwa siku. Embe nalo nusu kikombe, na siku hiyo tunda lingine asile.

Ila karambola, lile tunda ambalo ukilikata linatoa umbo la nyota, asiguse hata kipande. Lina sumu ambayo figo zilizochoka haziwezi kuitoa. Huanza na kwikwi isiyokatika, mgonjwa anachanganyikiwa, anapata degedege, na wapo waliofariki.

Bintimkubwa: Mungu wangu, hilo sikulijua. Na juisi je? Kiu ndiyo inayomtesa.

Mama Pacha: Juisi hapana, dada. Glasi moja inameza matunda mengi, na yote ni maji. Gandisha zabibu, nusu kikombe, amumunye moja moja taratibu. Kwa mzee zipasue katikati kwanza zisimkwame kooni.

Jikoni Daima: Pichi au tufaha unaweza kuyamenya, ukayachemsha kwenye maji mengi, kisha ukamwaga maji hayo. Sehemu ya potasiamu inaondoka na maji. Ya kopo vilevile, sharubati yake isinywewe.

Figo Mpya: Nyongeza kwa tuliopandikizwa: balungi tuliache. Linapandisha kwenye damu kiwango cha takrolimasi na saiklosporini, dawa zetu za kuzuia mwili usiikatae figo mpya.

Muuguzi wa Zamu: Sahihi kabisa. Na Bintimkubwa, vipimo vikibadilika, muulize mtaalamu wa lishe upya. Potasiamu ikishuka, anaweza kumfungulia hata hayo mnayoyakwepa sasa.

Bintimkubwa: Asanteni sana. Zabibu ziko kwenye friza tayari, nimezipasua. Baba ameuliza mara mbili kama zimeganda.