Tupeane uzoefu: tangawizi mbichi na asali, wewe ni wa ipi?

Mpenda Ukali

Wakuu, leo tuzungumze ladha. Kuna watu wa tangawizi inayokereketa koo na kuna watu wa harufu tu. Kuna wa asali nyeupe na wa ile nyeusi inayokaribia uchungu. Kila mtu aseme anachopenda, ila aweke na sababu na vipimo. "Weka kiasi" hatutaki hapa.

Naanza mimi: tangawizi kongwe. Ngozi ngumu ya kahawia, ukiivunja inatoa mlio na nyuzi zinachomoza pale ilipovunjika. Ukali uko huko. Tangawizi changa, yenye ngozi nyembamba inayotoka kwa kucha na ncha za pinki, ina maji mengi na nyuzi chache. Hiyo nzuri kuliwa mbichi, imekatwa vipande vyembamba, hata kumenya si lazima. Ukichemsha changa ukitegemea ikupe ukali utaongeza na kuongeza, kinywaji kibaki na harufu tu.

Wakati wa kuchagua, pima kwa mkono. Kipande kikubwa halafu chepesi, ngozi imekunjamana, kimeshakauka ndani. Zimebaki nyuzi.

Mzee wa Kinu

Mkuu, umri ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni unavyoikata na unavyoipika.

Ukali wa tangawizi mbichi unatokana na jinjeroli. Ukiikausha, sehemu ya jinjeroli inapoteza maji na kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Ndiyo maana unga wa tangawizi unauma haraka na mbichi inakuja polepole. Ukiipika muda mrefu, jinjeroli nyingine inageuka zinjeroni, ambayo ni ya upole na ina utamu kidogo. Kwa hiyo anayetaka ukali aipike muda mfupi, na anayetaka upole aiache jikoni muda mrefu. Wengi wanafanya kinyume, wanachemsha nusu saa wakidhani wanakamua ukali.

Kumenya: tumia ukingo wa kijiko, siyo kisu. Kijiko kinafuata mabonde ya kidole cha tangawizi, kisu kinaondoka na nyama. Kwanza vunja viungo vyake vyote, kwa sababu udongo unajificha kwenye maungio, halafu sugua kwa brashi.

Kukata: kingamisha nyuzi. Ukikata kufuata urefu wake, kila kipande kinabaki na nyuzi ndefu za kukwama kwenye meno. Kwenye kikwaruzo pia, shika kipande ili meno ya kikwaruzo yapite kukingama nyuzi.

Ukikamua juisi, iache itulie kama nusu saa. Chini utaona tabaka jeupe, zito. Ule ni wanga wa tangawizi. Mimina juu taratibu, tabaka uliache. Ukilichemsha pamoja na juisi, kinywaji kinakuwa kizito chenye utelezi na watu wanaanza kulaumu asali.

Fundi Chai

Vipimo vyangu kwa kinywaji cha kawaida: gramu 20 za tangawizi kongwe, yaani kipande cha ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima, kwa maji nusu lita. Ponda, usisage. Maji yakichemka tia, funika, punguza moto, dakika 10. Kufunika ni muhimu kwa sababu harufu iko kwenye mafuta yanayoruka na mvuke. Jiko likijaa harufu nzuri, ujue sufuria inaipoteza.

Chuja, acha ipoe mpaka uweze kuinywa bila kupuliza, ndipo utie asali. Vijiko 2 vya chai kwa kikombe cha mililita 250, karibu gramu 14.

Kwa wapenda maziwa: tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini, kinaitwa zinjibaini. Ukiitia mbichi kwenye maziwa ya uvuguvugu, maziwa yanaganda. Wachina wa Guangdong wanalitumia jambo hilo kwa makusudi: maziwa ya moto wa karibu nyuzi joto 70 yanamiminwa juu ya juisi ya tangawizi, yanakuwa laini ya kuliwa kwa kijiko. Lakini kama unataka chai, chemsha tangawizi kwenye maji peke yake dakika 5 kwanza. Kimeng'enya kikishakufa, ongeza maziwa. Asali nayo ina asidi, kwa hiyo isiingie maziwa yakiwa yanatokota. Epua kwanza.

Binti Sega

Nilikuwa nangoja mtu aguse asali. Watu wanasema "asali" utafikiri ni kitu kimoja.

Rangi na ladha vinatokana na ua. Asali ya michungwa ni ya rangi hafifu na ina harufu ya maua. Tangawizi kali inaimeza yote. Hiyo weka na tangawizi changa. Asali ya alizeti ni ya njano, tamu ya wazi, na inaganda upesi kwa sababu ina glukosi nyingi. Ya robinia, ambayo wengi wanaiuza kwa jina la akasia, ina fruktosi nyingi na inakaa majimaji muda mrefu. Kwa asiyependa chembe chembe, hiyo ndiyo yake.

Halafu kuna asali ambayo nyuki hawakuitoa kwenye maua. Wameikusanya kutoka kwenye majimaji matamu yanayoachwa na wadudu wanaofyonza utomvu wa miti. Ni nyeusi, madini mengi, utamu wa kiasi. Kwangu mimi hiyo ndiyo mwenzake tangawizi kongwe, zote mbili zina sauti nzito na hakuna inayomfunika mwenzake.

Manuka ya New Zealand inathaminiwa kwa methilglioksali iliyomo, kemikali inayopambana na bakteria. Ina uchungu wa majani. Kuitia kwenye chai ya tangawizi ya moto ni kuipoteza. Ile ilambwe kwa kijiko.

Ikiwa asali yako ina harufu ya moshi, si aina ya ua. Mrinaji amezidisha moshi. Na ikiwa imeganda, haijaharibika na wala si sukari iliyochanganywa. Loweka chupa kwenye maji yasiyozidi nyuzi 40, yaani mkono unavumilia, ukibadilisha maji yakipoa. Ukiiweka juu ya jiko, harufu inaondoka, rangi inakolea.

Mpenda Ukali

Dada, na majaribio yale? Kudondosha kwenye maji, kuchovya njiti ya kiberiti, kuangalia kama sisimizi wanakuja?

Binti Sega

Hayathibitishi kitu, kaka. Tone likizama bila kutawanyika limekuonyesha uzito wake, na sharubati nzito ya sukari inazama vilevile. Njiti ikiwaka imekuonyesha maji ni machache. Sisimizi wanakula asali halisi bila wasiwasi. Kinachopimika kwa urahisi ni maji, kwa kifaa cha refraktometa. Kujua kama imechanganywa sukari ni kazi ya maabara.

Na wale wanaosema asali kwenye maji ya moto inageuka sumu, haigeuki. Inapoteza harufu na vimeng'enya, basi.

Kijiko Kikavu

Sasa tufike kwenye chupa ya tangawizi iliyolowekwa kwenye asali, maana hapo ndipo watu wanapoharibu vitu vizuri.

Asali haiozi kwa sababu maji yake ni machache. Kiwango cha kimataifa cha vyakula, Codex, kinataka yasizidi asilimia 20 kwa asali nyingi. Yakizidi hapo, chachu zilizolala ndani zinaamka. Tangawizi mbichi ni maji kwa karibu asilimia 80. Piga hesabu: asali gramu 300 yenye maji asilimia 18 ina gramu 54 za maji. Tangawizi gramu 100 inaleta nyingine 80. Jumla 134 kwenye mchanganyiko wa gramu 400, yaani asilimia 33.5. Hata ukitia gramu 50 tu kwenye kilo nzima ya asali, unafika karibu asilimia 21.

Utaiona kwa macho. Asali inavuta maji kutoka kwenye vipande, vipande vinasinyaa na kuelea, na juu panakuwa na tabaka jepesi la majimaji. Baadaye vinatokea vipovu vidogo kuzunguka kila kipande, kifuniko kinafura, harufu inakuwa ya pombe. Vipande vilivyochungulia nje ya asali ndivyo vinavyoota ukungu kwanza.

Kwa hiyo: tengeneza kidogo, weka kwenye friji, koroga kila siku ili vipande visikae juu, itumie ndani ya wiki mbili. Kijiko kiwe kikavu. Kabatini isikae.

Mpenda Ukali

Kwa hiyo asali ya tangawizi ya kukaa kabatini haipo?

Kijiko Kikavu

Ipo, kwa unga. Unga mkavu hauleti maji ya kusumbua. Gramu 500 za asali, kijiko 1 cha chai cha unga wa tangawizi, vijiko 2 kwa watu wa aina yako. Shida ni kwamba unga unapanda juu au unashikana madonge kwenye asali ya majimaji. Dawa yake ni asali laini ya kupaka. Chukua gramu 450 za asali ya majimaji na gramu 50 za asali iliyoganda kwa chembe ndogo sana, ambazo hazisikiki ulimini; hiyo ndiyo mbegu. Koroga taratibu bila kuingiza hewa, tia unga, weka mahali penye nyuzi 14 hivi, wiki moja hadi mbili. Inaganda yote kwa chembe ndogo na unga unabaki umeshikwa mahali pake.

Njia hiyo ya mbegu ilipata hataza Marekani mwaka 1935, ya Elton Dyce. Yeye alianza kwa kuipasha asali ili kuua chachu, kwa sababu asali ikiganda, maji yanabaki kwenye sehemu isiyoganda na hapo ndipo inapochacha. Ukianza na asali yenye maji chini ya asilimia 18, hatari hiyo inapungua sana.

Usitumie asali ya chembe kubwa kuwa mbegu. Chembe kubwa zinazaa kubwa, utapata kitu cha kukwaruza ulimi.

Nyuki Mdogo

Mmeisahau asali ya nyuki wadogo wasiouma. Hawa wanaiweka kwenye vijungu vya nta na utomvu, siyo kwenye masega ya pembe sita. Ni nyepesi, yenye uchachu, na maji yake mara nyingi yanapita asilimia 25. Hesabu ya Kijiko Kikavu hapa haitumiki, maana yenyewe iko juu ya kiwango kabla hujagusa tangawizi. Friji, na kifuniko kifunguliwe mara kwa mara gesi itoke.

Kwa ladha, mimi sina nyingine. Uchachu wake unachukua nafasi ya limau, kwa hiyo kwenye chai ya tangawizi limau liache. Kwenye maziwa usithubutu.

Mama Sufuria

Naongeza la usalama tu. Mtoto chini ya miezi 12 asipewe asali ya aina yoyote, hata tone kwenye chuchu ya chupa. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, na utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuzizuia. Kuchemsha jikoni hakuziui. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kabla ya kunywa tangawizi nyingi kila siku. Na mwenye kisukari ajue asali ya kawaida ni sukari kwa karibu asilimia 80, iwe nyeupe au nyeusi, na ya nyuki wadogo nayo, ingawa ina maji zaidi, ni sukari kwa sehemu kubwa.

Fundi Chai

Swali la kuhifadhi tangawizi yenyewe. Yangu inaota ukungu kwenye friji.

Mzee wa Kinu

Unaifungia kwenye mfuko ikiwa na unyevu. Usiimenye, usiioshe. Ifunge kwa karatasi, ndipo uitie kwenye mfuko; karatasi inanyonya matone. Ukungu unaanzia kwenye mdomo uliokatwa, kwa hiyo vunja kwenye kiungo badala ya kukata katikati. Ikiwa nyingi, igandishe nzima na uikwaruze ikiwa barafu, nyuzi hazisumbui kabisa. Usiiache iyeyuke, italegea na kutoa maji. Ikifika hapo inafaa kukamuliwa juisi tu.

Mpenda Ukali

Na ile ukiikata ina duara la bluu ndani?

Mzee wa Kinu

Ni rangi ya asili ya baadhi ya aina, wala haijaoza. Ibonyeze: ikiwa ngumu na harufu yake ni ya tangawizi, pika. Ikiwa imelegea na inatoa maji yenye harufu nyingine, tupa, bluu au si bluu.