Sura ya babu inayeyuka nikiihamishia kwenye kanvasi, nakosea wapi?

Mjukuu_wa_Baharia (Kigoma):
Wakuu habari zenu. Natengeneza kolaji ya babu yangu mzaa mama, alikuwa baharia wa MV Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika. Kwenye kanvasi nimeshabandika kitenge cha bibi, kipande cha wavu wa dagaa na ramani ya ziwa, katikati nataka sura yake. Nikaprinti picha nyumbani, nikapaka gundi nyeupe ya seremala, nikailaza kifudifudi, baada ya masaa 2 nikalowesha maji nikaanza kusugua karatasi itoke, basi wino wote ukasambaa, sura ya babu ikawa doa la zambarau. Mara mbili sasa! Na jina la meli pale nyuma yake lilitoka kinyume. Nisaidieni jamani, bibi ana miaka mingi na nataka aione.

FundiRangi:
Pole sana. Hiyo printa ni ya wino wa maji eeh? Lowesha kidole usugue picha uliyoprinti, ikichafuka haifai. Nenda stesheneri wakutolee kwa printa ya leza au hata fotokopi tu, zile zinatumia tona, ni unga wa plastiki unaoyeyushwa kwa moto ukashika karatasi, maji hayaung'oi. Waambie waigeuze kwanza kama inavyoonekana kwenye kioo, ndo jina litasomeka sawa. Na usije ukagusa ile picha halisi ya babu, iskani uiweke salama.

Dada_Tabora:
Masaa 2 ni machache mno, mimi nalaza usiku kucha, mvua zikiwepo hata siku mbili. Gundi ya seremala inalainika ukiilowesha ndo maana mimi nimeiacha, ukipata jeli ya akriliki (ile nzito ya wachoraji, inashika kama gundi) ni bora zaidi. Paka nyembamba sawasawa, kandamiza kwa kadi ya benki kutoka katikati kwenda pembeni hewa itoke. Kusugua tumia ncha ya kidole, kucha hapana, karatasi itatoka kama vile vijiuzi vya unga wa ugali mkononi. Ikikauka utaona ukungu mweupe umerudi, usiogope, lowesha tena kidogo usugue, mimi narudia hata mara 4. Mwisho paka jeli juu, ukungu uliobaki unapotea. Halafu usiiweke juu ya mshono wa kitenge, pale tona haishiki.

FundiRangi:
Nakubaliana na dada, ila ukungu usiumalize wote. Liemba yenyewe Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916 ikiitwa Graf von Götzen, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Kwa hiyo safisha uso vizuri, pembeni acha weupe kidogo aonekane kama anatoka majini. Kwangu mimi hapo ndo picha inapoanza kuongea.

Mjukuu_wa_Baharia (Kigoma):
Nimerudi wakuu!! Nilitoa fotokopi, jeli nikaagiza Dar, nikalaza usiku mbili. Leo asubuhi nimesugua pole pole, kwanza ikatoka kofia, halafu jicho la kushoto, na ile mikunjo aliyokuwa nayo akicheka. Shavu limebanduka kidogo, ila nimepitishia uzi wa wavu hapohapo pakakaa vizuri. Weupe wa pembeni nimeuacha. Bibi ameigusa kofia kwa kidole, akaniuliza, "Hii si ile aliyovaa siku aliyonileta Kigoma?" Asanteni sana.