Ana miaka mitatu na miezi minne: nasari sasa, au angoje PP1?

MamaWaLanet (Nakuru)

Wazazi na walimu, habari zenu. Binti yangu ni wa Septemba 2022, kwa hiyo Januari 2026 atakuwa na miaka 3 na miezi 4. Shule moja ya binafsi hapa Lanet inataka aingie PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) moja kwa moja "kwa vile ni mwerevu". Nyingine inasema aanzie beibi klasi. Chekechea ya umma iliyo jirani imekataa kabisa, ati nimrudishe akifikisha miaka 4. Anaongea bila kukwama, anahesabu hadi ishirini, mchana havai nepi ila usiku bado. Mimi na babake tunatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na dada wa kazi anaondoka Desemba. Nimsikilize nani?

Mwalimu_wa_Chaki (Kisumu)

Mama, ile ya umma haijakukosea. Kwa mtaala wetu wa sasa hapa Kenya PP1 ni ya mtoto wa miaka 4, PP2 ya miaka 5, Gredi ya 1 miaka 6. Beibi klasi haimo kwenye mtaala. Ni ngazi ambayo shule za binafsi zimejiundia, na si mbaya, mradi ujue unalipia ulezi, si masomo.

Chukua kalamu tupige hesabu. Akiingia PP1 Januari 2026, atafika Gredi ya 1 Januari 2028 akiwa na miaka 5 na miezi 4. Gredi ya 10, ambapo wengi ndipo huenda bweni mara ya kwanza, itakuwa Januari 2037, naye ana miaka 14 na miezi 4. Akingoja hadi Januari 2027, hapo atafika na miaka 15 na miezi 4. Tofauti hiyo huwezi kuiona PP1, kwa sababu kule ni nyimbo, rangi na michezo. Hujitokeza Gredi ya 1 na ya 2, kusoma kunapoanza kwa dhati, na shule ileile iliyomsifu ndiyo itakuita ofisini kukuomba arudie. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu mwanafunzi kurudishwa darasa, ndiyo maana jambo hilo huja kwa jina la "ushauri".

Kuhesabu hadi ishirini kusikuzuzue. Kwa umri huo ni wimbo. Mwekee mezani vifuniko saba vya chupa za soda, umwambie: nipe vitatu. Akikupa vitatu kamili na kunyamaza, ameelewa idadi. Akichota konzi nzima akakukabidhi, ana wimbo tu, na hilo ni la kawaida kabisa kwa miaka mitatu. Fanya hivyo siku tofauti, wala usimsahihishe.

Kalamu ndiyo inayonikera zaidi. Mifupa midogo ya kifundo cha mkono bado ni gegedu kwa sehemu kubwa akiwa na miaka mitatu, na wengi huishika kalamu kwa ngumi. Anaweza kuchora duara. Msalaba huja karibu na miaka 4, mraba kuelekea 5, pembetatu baadaye kidogo. Sasa mtoto ambaye hajaweza mraba anapewa kurasa mbili za herufi A nyumbani: atakamua kalamu, kiganja kichoke, na mshiko mbovu uzoeleke. Kuubadilisha baadaye ni kazi ya miezi. Badala yake mpe unga wa chapati akande, magazeti achane vipande, nguo ndogo abane kwa vibanio kwenye kamba, maharagwe mabichi ayatoe kwenye maganda. (Maharagwe umkalie hapohapo. Pua na masikio ya watoto huyapenda mno.)

Kwa hiyo PP1 mwaka 2026, hapana. Beibi klasi, sawa, ikiwa ni ya nusu siku na hawana daftari la kazi ya nyumbani.

Nesi_wa_Zamu (Kisumu)

Mimi niongezee ya kiafya. Kukojoa usiku si kizuizi. Watoto wengi hukauka usiku baada ya miaka 4, hata 5. Cha kuangalia ni mchana: anaweza kusema mapema kwamba anataka choo? Anaweza kushusha suruali mwenyewe? Ajali nyingi za shuleni hazitokani na kibofu, zinatokana na mkanda, vifungo na ovaroli. Mvishe yenye mpira kiunoni. Viatu viwe vya kubandika, kamba atajifunza baadaye.

Kuna tatizo ambalo wazazi hulikosea jina. Mtoto aliyezoea poti akikuta choo cha shimo chenye giza na harufu, hujizuia. Siku tatu nne, choo kinakuwa kigumu, kinamuuma, anajizuia zaidi. Halafu kinyesi chepesi kinapenya pembeni ya kile kigumu na kuchafua nguo ya ndani. Mama anaona "anaharisha", anaenda kununua dawa ya kuzuia kuhara, hali inazidi. Ukiona madoa madogo kila siku na tumbo gumu, fikiria kufunga choo kwanza. Papai, maji, mboga, na akae kwenye poti dakika tano baada ya kifungua kinywa, wakati utumbo wenyewe unaamka.

Chanjo: fungua kijitabu cha kliniki uangalie surua na rubella ya miezi 18. Hiyo ya pili ndiyo husahaulika, kwa sababu wazazi wengi huacha kliniki baada ya ile ya miezi 9. Vitamini A na dawa ya minyoo ni kila miezi sita hadi atimize miaka 5. Miezi ya kwanza ya nasari ategemee mafua ya mara kwa mara. Si kwamba shule ni chafu, ni kinga yake inakutana na virusi vipya. Homa, abaki nyumbani hadi apitishe saa 24 bila joto na bila dawa. Kuhara, saa 48 tangu mara ya mwisho. Na kwa wale wa huku ziwani: homa yoyote apimwe malaria siku hiyohiyo, msingoje kuona kama ni "baridi ya shule".

Usingizi nao. Umri huo anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumlisha wa mchana. Mkitoka saa kumi na mbili na nusu, ataamka saa kumi na moja na nusu. Basi saa moja na nusu usiku awe amelala, la sivyo deni la usingizi utalilipa kwa vilio vya jioni.

Baba_Bondeni (Nakuru)

Mwalimu na nesi wamenena, ila swali la mama lina mguu wa pili: dada anaondoka Desemba na wao hawako nyumbani. Nusu siku inaisha mchana. Baada ya hapo mtoto aende wapi? Kwa familia kama hii swali si nasari au nyumbani. Ni dekea gani, yaani kituo cha kulelea watoto mchana.

Nenda ukaitazame saa nne asubuhi bila kuaga, siyo siku ya kuwaonyesha wazazi wageni. Hesabu vichwa, kisha hesabu watu wazima, mpishi asiwemo. Kwa wa miaka mitatu, mlezi mmoja akizidi watoto kumi na tano hawezi kuwaona wote, hata awe malaika. Ingia chooni. Kama ni cha shimo, tundu lazima liwe dogo kuliko kichwa cha mtoto. Maji na sabuni viwe pale nje ya choo, si ofisini kwa mwalimu mkuu. Jiko la makaa lisiwe chumba wanacholala. Nakuru mwezi wa saba ni baridi na vishawishi ni vingi, lakini gesi ya makaa huua bila harufu. Uliza uji unapoa wapi kabla ya kugawiwa. Lango lifungwe kwa komeo iliyo juu ya kimo cha mtoto, na wawe na daftari la nani anaruhusiwa kumchukua. Mtu wa boda aliyetumwa kwa simu asipewe mtoto.

Vitafunio: njugu nzima, bisi na peremende ngumu usimfungie, humkaba. Yai la kuchemsha likatwe mara nne. Mkimpikia samaki, miiba uitoe wewe. Dekea hawana muda huo.

Siku ya kwanza usitoroke akiwa anacheza. Muage, mwambie nani atamchukua na baada ya nini ("ukishaamka usingizi wa mchana", si "saa tisa", hajui saa), kisha uondoke mara moja. Akae muda wa saa moja tu siku ya kwanza, saa mbili ya pili, wiki ya pili siku nzima. Kwa hiyo ombeni likizo ya siku tatu hivi mapema Januari. Kilio cha asubuhi kinachoisha ndani ya dakika kumi na tano ni cha kawaida hata wiki tatu. Asiyekula, asiyecheza na asiyelala baada ya mwezi, hiyo sehemu haimfai.

Nyar_Kisumo

Nyongeza fupi kwa wenye watoto wanaoongea Kidholuo, Kiluhya au Kikalenjin nyumbani. Sera ni kwamba chekechea hadi Gredi ya 3 hufundishwa kwa lugha ya eneo, na mijini palipo mchanganyiko ni Kiswahili. Msimwachishe mtoto lugha ya nyumbani wiki mbili kabla ya shule ili "azoee Kiingereza". Mfundisheni maneno matano tu ya kuomba msaada kwa Kiswahili: choo, maji, naumwa, njaa, mama. Mengine atayaokota uwanjani.

MamaWaLanet

Asanteni sana. Nimeamua beibi klasi asubuhi na dekea mchana, PP1 tungoje 2027. Swali la mwisho: shule imedai cheti cha kuzaliwa, nami nina ile karatasi ya arifa ya hospitali tu.

Mwalimu_wa_Chaki

Kama alizaliwa hospitalini na arifa ikafika kwa msajili, kuzaliwa kwake kumeshasajiliwa. Unaomba cheti tu kupitia eCitizen. Kama haikufika, umepita miezi sita, kwa hiyo ni usajili wa kuchelewa: utahitaji arifa, kijitabu cha kliniki na vitambulisho vya wazazi wote wawili, na huchukua muda mrefu zaidi. Anza sasa, usingoje 2027. Kabla ya kulipa soma majina herufi kwa herufi na mpangilio wake, kwa sababu yatanakiliwa hivyo hivyo kwenye mfumo wa shule na kwenye tathmini ya Gredi ya 6.

Halafu, mama, ukikwama na chekechea ya umma usiende kwa ofisi ya elimu ya serikali kuu. Tangu katiba ya 2010 elimu ya chekechea ni ya kaunti. Nenda kwa afisa wa ECDE (elimu ya chekechea) wa wadi yako.